Kidhibiti na Swichi Yake: Umeme wa Jua katika Kibanda cha Custom, Juba

Mnunuzi wa vifaa vya umeme wa jua katika soko la Custom, Juba, kwa kawaida hutumia sehemu kubwa ya fedha yake kwenye paneli na betri, kisha kile kinachobaki hukigawa kati ya waya, kidhibiti chaji na swichi, kana kwamba vitu hivyo vitatu ni nyongeza tu ya vile viwili vya kwanza. Mgawanyo huo unaeleweka, kwa kuwa paneli na betri huonekana, huinuliwa kwa mikono miwili na huhesabika kwa wati na ampea-saa zilizoandikwa ubavuni, ilhali kidhibiti ni kisanduku kidogo kisichotoa mwanga wa maana wala sauti, na swichi ni kitu ambacho kila mtu huamini anakijua. Hata hivyo, anayefuatilia chanzo cha betri iliyokufa kabla ya mwaka kwisha, runinga iliyoungua mchana wa jua kali, au plastiki iliyoyeyuka ukutani, mara nyingi hufika kwenye kimojawapo cha vifaa hivyo viwili, au kwenye namna vilivyounganishwa. Kwa sababu hiyo kidhibiti na swichi vinapaswa kuchaguliwa kwa pamoja, kama jozi, na swali la kwanza juu ya kila kimoja lisiwe namna kinavyofanya kazi kikiwa kizima bali namna kitakavyoharibika, kwa maana hakuna kisichoharibika.

Juba si tena mji usio na gridi. Novemba 2019 ilizinduliwa awamu ya kwanza ya kituo cha kufua umeme kwa mafuta chenye uwezo wa megawati 33, na mtandao wa kusambaza umeme uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika ukaanza kufikisha nyaya katika mitaa iliyokuwa imeishi kwa jenereta miaka mingi. Pamoja na hayo, paneli juu ya bati zimebaki kuwa tegemeo la kinyozi, mchaji simu na muuza vinywaji, ama kwa sababu waya haujawafikia, ama kwa sababu jua halidai bili. Bidhaa nyingi zinazouzwa hapo hushuka bandari ya Mombasa, huvuka Uganda hadi Elegu, kisha huingia Nimule na kupanda barabara ya lami ya kilomita 192 iliyofunguliwa mwaka 2012. Umbali huo una maana yake kwa mnunuzi, kwani dhamana iliyochapishwa kwenye boksi na kiwanda kilicho upande wa pili wa Bahari ya Hindi haina uzito wowote mbele ya meza ya Custom, na jaribio linalofanywa kabla ya kulipa ndilo dhamana pekee inayotegemeka.

Kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita rigyuleta au chaji kontrola, hukaa kati ya paneli na betri na hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi: paneli inayouzwa kwa jina la volti 12 hutoa volti 17 au 18 ikiwa kazini, na 21 au 22 ikiwa haijafungwa na kitu, wakati betri ya risasi na asidi ya volti 12 inapaswa kujazwa hadi kati ya volti 14.4 na 14.7, kisha ishikiliwe kwenye 13.5 hadi 13.8 ikishajaa. Kazi ya pili ni kukata matumizi betri inapokaribia kuisha, ambapo vidhibiti vingi hukata kwenye volti 11 na kitu. Kiwango hicho kiko chini mno kwa afya ya betri ya risasi, kwa sababu betri iliyopumzika yenye volti 12.2 imeshatumika nusu, na anayetaka betri yake iishi miaka badala ya miezi hupandisha kiwango cha kukata hadi 11.8 au zaidi iwapo kidhibiti kinaruhusu. Uwezo wa kurekebisha namba hizi ni sifa ya kutafutwa kabla ya kioo chenye rangi na tundu la kuchajia simu.

Tofauti inayozungumzwa zaidi sokoni ni ile ya herufi zinazochapishwa juu ya kisanduku, PWM na MPPT. Kidhibiti cha PWM kwa hakika ni swichi ya kielektroniki inayofungua na kufunga kwa kasi kubwa: inapofunga, paneli huunganishwa moja kwa moja na betri, kwa hiyo volti ya paneli huvutwa chini hadi ile ya betri na tofauti inayobaki hupotea. Kidhibiti cha MPPT ni kibadilishaji chenye koili ndani yake, ambacho huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti inayoipatia nguvu nyingi zaidi, kisha hushusha volti hiyo na kupandisha mkondo kuelekea betri. Kwa paneli ndogo ya wati 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12, upotevu wa PWM unavumilika na bei yake nafuu ni haki. Mambo hubadilika kabisa kwa paneli kubwa za seli 60, za wati 250 hadi 330, ambazo kwa kila wati huwa nafuu kuliko zile ndogo na kwa hiyo huwavutia wanunuzi. Hizi hufanya kazi kwenye volti 31 hadi 33, na zikifungwa kwenye betri moja ya volti 12 kupitia PWM, zaidi ya nusu ya nguvu iliyolipiwa hubaki juu ya bati. Aliyenunua paneli kubwa kwa bei nzuri kisha akaokoa fedha kwenye kidhibiti amenunua paneli ndogo kwa bei ya kubwa.

Tatizo ni kwamba herufi MPPT ni rahisi kuchapisha, na visanduku vingi vyepesi vyenye herufi hizo havina koili yoyote ndani. Njia ya kwanza ya kuvitambua ni uzito na mapezi ya alumini ya kupozea mgongoni: kidhibiti cha kweli cha ampea 20 au 30 huwa kizito mkononi, kwa kuwa koili ya shaba na chuma haina mbadala wa plastiki. Njia ya pili, ambayo haidanganyiki, huhitaji mita ya fundi na dakika mbili za jua. Kidhibiti hufungwa kwenye betri ambayo haijajaa, paneli huunganishwa, kisha volti hupimwa kwanza kwenye vituo vya paneli na baadaye kwenye vituo vya betri. Iwapo vituo vya paneli vinasoma karibu sawa na betri, tuseme 13.4 kwa 13.1, hicho ni PWM bila kujali kimeandikwa nini; iwapo paneli imebaki kwenye 17, au 31 kwa zile kubwa, wakati betri iko kwenye 13, kibadilishaji kimo ndani. Jaribio likifanywa kwenye betri iliyojaa halina maana, kwa sababu kidhibiti cha aina yoyote huiachilia paneli ipande volti pale betri isipohitaji tena chaji, na muuzaji mjanja analijua hilo.

Ukubwa wa kidhibiti huhesabiwa kwa mkondo, si kwa wati zinazotajwa na muuzaji. Paneli mbili za wati 100 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hutoa takriban ampea 12 zikifupishwa, yaani ncha zake za chanya na hasi zikigusanishwa moja kwa moja. Robo ikiongezwa kama akiba hupatikana 15, na kidhibiti cha ampea 20 kinatosha. Paneli hizo, kwa saa tano za jua kamili na upotevu wa kawaida, huleta karibu wati-saa 700 kwa siku, ambazo zinalingana vizuri na betri ya ampea-saa 100 inayotumika hadi nusu, na hutosha taa nne, feni ndogo ya betri, mashine ya kunyolea na msururu wa simu. Kwa MPPT hesabu hufanywa upande wa betri: wati 300 zikigawanywa kwa volti 13 ni ampea 23, hivyo kisanduku cha 30. Sharti la pili, ambalo kuvunjwa kwake hakusamehewi, ni volti ya juu kabisa inayoruhusiwa upande wa paneli. Kidhibiti kilichoandikwa volti 50 kikifungiwa paneli mbili kubwa kwa mfuatano, ambazo zikiwa wazi hufika karibu 76, huungua papo hapo, pengine kabla fundi hajashuka ngazi.

Joto la Juba hurekebisha hesabu hizi zote. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 37 kivulini, na chini ya bati la kibanda kisicho na dari hupita hapo kwa mbali, wakati namba za ampea kwenye lebo na viwango vya volti vya betri vimewekwa kwa nyuzi 25. Ampea 20 za lebo zichukuliwe kuwa 15 za Custom. Betri nayo, kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, huhitaji volti pungufu kidogo ya kujazia, kiasi cha milivolti 20 hadi 30 kwa betri ya volti 12. Kwenye nyuzi 38 upungufu huo hukaribia theluthi ya volti, na kidhibiti kisichojua joto la betri huichemsha kila mchana huku kikionyesha kwamba yote ni shwari. Kidhibiti bora huja na kipima joto chenye waya mwembamba unaobandikwa ubavuni mwa betri. Pale kipima joto hakipo, volti ya kujazia ishushwe kwa mkono hadi 14.1 au 14.2 wakati wa kiangazi, na kisanduku kipachikwe kwenye ubao au ukuta, si kwenye bati lenyewe, kikiwa na nafasi ya upana wa kiganja juu na chini, karibu na betri lakini kisiwe juu yake moja kwa moja, kwa kuwa betri ya maji hutoa gesi inayowaka na mvuke wa asidi unaokula saketi.

Suala la namna ya kuharibika limechunguzwa kwa makini ya pekee na watu ambao hawana uhusiano wowote na sola, yaani wanaorusha ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio. Ndani ya ndege hizo betri hulisha risiva, ambayo ni chombo cha kupokea amri, pamoja na mota ndogo ziitwazo servo zinazosogeza usukani na vipande vinavyosogea vya mabawa. Vifaa hivyo kwa desturi vilitengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6, na betri ya kisasa ya lithiamu yenye seli mbili hufika volti 8.4 ikijaa, kwa hiyo kidhibiti volti huwekwa kati yake. Kidhibiti cha aina ya kale hushusha volti kwa kuigeuza joto: kutoka 8.4 hadi 6 kwa ampea tatu ni wati 7.2 za joto ndani ya kiwiliwili kisicho na hewa. Cha kisasa hukatakata mkondo na kuupitisha kwenye koili, kwa kanuni ile ile ya MPPT. Warushaji hao wametambua kwamba kidhibiti kinachoharibika kwa kubaki kimeunganisha njia moja kwa moja huipeleka volti yote kwenye servo na kuziunguza, kile kinachoharibika kwa kukata huiangusha ndege, na swichi ndogo ya kusukuma inayotikiswa na injini huweza kukata kwa sehemu ya sekunde, muda unaotosha kuifanya risiva ijizime na kuanza upya ndege ikiwa hewani. Jibu lao lilikuwa swichi ya kielektroniki ambayo kitufe chake kikivunjika au waya wake ukichomoka hubaki imewaka.

Kibanda cha Custom si ndege, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na faida, kwa sababu jibu sahihi hapa mara nyingi ni kinyume. Upande wa paneli na upande wa inveta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, kifaa kinachoharibika kwa kukata ndicho salama, kwa kuwa hasara yake ni giza la jioni moja. Kati ya betri na kidhibiti, hali ni kama ya ndegeni: njia hiyo isikatike kamwe jua likiwa linawaka. Betri ndiyo inayoishikilia volti ya mfumo mzima isipande. Ikiondolewa ghafla wakati paneli inazalisha, kidhibiti cha hali ya chini hushindwa kurudi nyuma kwa haraka, na volti 20 au 40 za paneli hujitokeza kwenye vituo vya matumizi, ambako runinga na chaja za simu zinasubiri 12. Wengi wanaodai kwamba kidhibiti kimeunguza runinga wanaeleza, pasipo kujua, kisa cha swichi ya betri iliyozimwa adhuhuri ili kuokoa chaji, au cha kikamatio cha betri kilicholegea kwa kutu. Kwa hiyo betri huunganishwa kwanza na kuondolewa mwisho. Paneli huunganishwa baada yake na kuondolewa kabla yake. Utaratibu huo una faida nyingine, kwani vidhibiti vingi hutambua vyenyewe kama mfumo ni wa volti 12 au 24 kwa kuisoma betri vinapowashwa, na vikianza na paneli peke yake huweza kujidanganya.

Betri za lithiamu, ambazo zinazidi kuonekana sokoni, huja na swichi ambayo mnunuzi hakujua anainunua. Ndani ya sanduku lake kuna saketi ya ulinzi inayokata seli zote pale moja inapozidi kiwango, na kukata huko, kwa mtazamo wa kidhibiti, hakuna tofauti na mtu aliyezima swichi ya betri saa sita mchana. Betri ya lithiamu ya seli nne za chuma na fosfeti hujazwa hadi volti 14.2 au 14.4, haihitaji kushikiliwa baada ya hapo, na haipaswi kabisa kupelekwa kwenye hatua ya kusawazisha ambayo vidhibiti hufanyia betri za maji kwa volti 14.8 na kuendelea. Kidhibiti kisicho na mpangilio wa lithiamu, au ambacho hatua hiyo ya kusawazisha haizimiki, kisiunganishwe na betri hizo, hata kama muuzaji ataapa kwamba wateja wote hufanya hivyo.

Sasa swichi. Kosa lililoenea kuliko mengine ni kuisoma kwa wati. Swichi ya ukutani iliyoandikwa ampea 10, volti 250, huwasha pasi ya wati 2,000 bila malalamiko, na mwenye duka huona ajabu inapopata moto kwa inveta ndogo ya wati 300. Ajabu hiyo huisha kwa kugawanya: wati 2,000 kwa volti 230 ni chini ya ampea tisa, bali wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25. Kwenye volti 12, swichi ya ampea 10 ni swichi ya wati 120 tu. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta zaidi ya ampea 90, na hakuna swichi ya ukutani wala kituo cha matumizi cha kidhibiti cha kawaida kinachoweza kuibeba. Inveta kama hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi yake na swichi nzito ya kuzungusha ya aina inayotumika kwenye malori na boti. Mguso wa swichi wenye ukinzani wa ohmu 0.02, kiasi kisichoonekana kwa mita za bei rahisi, ukipitishiwa ampea 20 huzalisha wati nane za joto na kula karibu nusu volti, na nusu volti ndiyo tofauti kati ya betri iliyojaa na ile iliyofika nusu. Kidhibiti kilicho nyuma ya mguso kama huo husoma volti isiyo ya kweli na kufanya uamuzi usio wa kweli.

Upande wa paneli hatari ni nyingine. Umeme wa gridi hubadilisha mwelekeo, na kwa masafa ya hertz 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayozuka swichi inapofunguliwa hufa yenyewe. Umeme wa paneli hauna sifuri. Cheche ikizuka kati ya ncha zinazoachana kwenye volti 40 au 80 huweza kugeuka tao la moto linaloendelea kuwaka hewani, likiyeyusha shaba na plastiki huku swichi ikionekana imezimwa. Kwa sababu hiyo swichi au sakiti breka ya upande wa paneli iwe imeandikwa wazi herufi DC, yaani umeme usiobadilisha mwelekeo, pamoja na volti isiyopungua ile ya paneli zikiwa wazi. Breka hizo hutumia sumaku ndogo kulisukuma tao kuelekea kwenye vibati vya kulizimia, na baadhi yake zina alama za chanya na hasi kwenye vituo, kumaanisha kwamba zikifungwa kinyume sumaku hulisukuma tao upande usio na vibati. Alama hizo ndogo hupuuzwa mno, na breka iliyofungwa kinyume itafanya kazi miaka miwili bila dosari hadi siku itakapohitajika. Anayeweza kupata breka isiyo na mwelekeo aichukue hata kama bei imezidi kidogo.

Fyuzi haina mjadala mrefu: iwe moja kwenye waya chanya, umbali usiozidi mkono mmoja kutoka kwenye betri, kwa sababu betri iliyofupishwa humwaga mamia ya ampea na waya wote kati yake na fyuzi hauna mlinzi. Waya unastahili maneno zaidi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, una ukinzani wa ohmu 0.14, na kwa ampea 10 hupoteza volti 1.4, jambo ambalo kwenye mfumo wa volti 12 ni msiba. Wa milimita sita hupoteza chini ya 0.6. Zaidi ya hayo, waya mwingi unaouzwa kwa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha takriban theluthi mbili tu ya kile kinachopitishwa na shaba yenyewe na hulegea kwenye skrubu kwa kupata joto na kupoa. Uzi mmoja ukikwanguliwa kwa kisu hutoa jibu: weupe ukitokea, mjadala umekwisha.

Mabanda ya mabati na makontena, ambayo ni sehemu ya sura ya masoko ya Juba, huleta mtego mmoja usiotajwa kwenye karatasi za maelekezo kwa uzito unaostahili. Vidhibiti vingi vya PWM huunganisha vituo vyote vya chanya pamoja ndani yake na kuweka transista za kukatia kwenye upande wa hasi. Iwapo waya hasi wa taa umegusa bati la ukuta, na fremu ya paneli yenye waya hasi uliochubuka imegusa bati hilo hilo la paa, mkondo hupata njia ya kuzunguka kidhibiti, na betri hujazwa bila kikomo huku kisanduku kikionyesha kwamba kimekata. Mita ikiwekwa kwenye hali ya kupima mwendelezo, kidhibiti kikiwa hakijafungwa na chochote, na ncha zake zikigusishwa kwanza kwenye chanya mbili kisha kwenye hasi mbili, itaonyesha upande gani umeunganishwa. Kwa kibanda cha chuma inafaa kutafuta kidhibiti kinachounganisha hasi, na kisipopatikana, kila waya upite ndani ya bomba la plastiki na pasiwe na waya hasi unaofungwa kwenye chuma kwa kisingizio cha kuweka ardhi.

Baadhi ya vyombo huhitaji kidhibiti cha pili, kidogo, baada ya kile kikubwa. Runinga au ruta iliyoandikwa volti 12 hukutana na betri inayopanda hadi 14.6 mchana na kushuka hadi 11 usiku, na si kila chombo kinavumilia mwendo huo. Kisanduku cha kutuliza volti kinachoweza kupandisha na kushusha, chenye ampea mara moja na nusu ya zile za runinga, hugharimu sehemu ndogo sana ya runinga yenyewe. Kwa mchaji simu, vibao vya kushusha hadi volti 5 viwe vya aina ya kukatakata, vyenye koili, kwani chipu ya kale yenye miguu mitatu hutupa zaidi ya nusu ya umeme kama joto, wati nane kwa kila simu inayovuta ampea moja. Duka la dawa lenye jokofu la chanjo, linalopaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, ni jambo la daraja nyingine. Kwa hilo yapo majokofu yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja na kuhifadhi baridi kwenye barafu badala ya umeme kwenye betri, na faida yake kubwa ni kwamba kidhibiti chaji na betri, vile vinavyoharibika mapema, havimo kabisa.

Kibanda chenye sola, jenereta na waya wa gridi kwa pamoja kinahitaji swichi ya kubadilisha yenye nafasi tatu, moja, sifuri na mbili, ambayo haiwezi kimaumbile kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Plagi yenye ncha wazi pande zote mbili, inayochomekwa ukutani ili jenereta ilishe nyumba, imewahi kuua mafundi wa laini katika nchi nyingi kwa kurudisha umeme kwenye nyaya walizodhani zimezimwa, na haina nafasi popote.

Mnunuzi anayefika Custom kwa ajili ya jozi hii afike asubuhi, jua likiwa limepanda na foleni haijaanza, akiwa na mita yake mwenyewe, na aombe kidhibiti kifungwe kwenye betri na paneli za muuzaji mbele ya meza. Baada ya jaribio la volti mbili lililokwisha kuelezwa, inafaa kuangalia kama namba za kujazia na kukata hurekebishika na hubaki baada ya umeme kuondolewa, kama skrubu za vituo zinakubali waya wa milimita sita bila kukatwa nyuzi, na kama breka inayotolewa ina alama za chanya na hasi. Kifaa kikishafungwa dukani, matumizi yote yawashwe kwa saa nzima, kisha mgongo wa kiganja upitishwe juu ya kila swichi, kila fyuzi na kila skrubu. Uvuguvugu ni wa kawaida, na pale mkono unaposhindwa kukaa ndipo pa kufunguliwa, kusafishwa na kukazwa jioni hiyo hiyo, kwa kuzima paneli kwanza. Kipande cha karatasi kibandikwe kando ya kidhibiti kikisema, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, kwamba paneli huzimwa kabla ya betri, kwa kuwa anayefungua duka kesho huenda asiwe yule aliyelifunga leo.